Gauni Lililotundikwa Mlangoni

Wageni wa Ushongo walikuwa wafike baada ya adhuhuri, na tangu alfajiri mke wangu Tausi hakuwa amenisemesha. Alipita barazani na ndoo, akapita na jamvi, akapita na birika, nami nimekaa na gazeti langu kama nguzo ya nyumba. Mwishowe alisimama mbele yangu.

"Baba Nasma, umesema na mwanao?"

"Nimesema naye."

"Kasemaje?"

"Neno lake ni lile lile."

"Na wewe roho yako nyeupe, umekaa unasoma. Sanduku la harusi likirudi Ushongo leo, kesho Pongwe nzima itakusoma wewe."

Neno lenyewe lilikuwa hili. Mwaka jana, siku za mwisho za Ramadhani, binti yetu Nasma alipeleka kitambaa kwa fundi mmoja mjini ashonewe gauni la Idi. Fundi akamwambia njoo kesho. Kesho yake akamwambia njoo jioni. Mkesha wa Idi kibanda kimefungwa na simu haipatikani. Mwanangu, mwanamke mzima, mwalimu wa chekechea anayeheshimiwa na wazazi, alishinda Idi chumbani na dera kuukuu, akisikia watoto wakipita na nguo zao mpya. Alipotoka alisema mbele ya mama yake na mimi, na mbele ya jirani yetu Bibiana aliyekuja kula pilau:

"Kuanzia leo mpaka Idi ijayo sivai mshono wa fundi. Nitakachovaa nitakishona mwenyewe, humu humu ndani."

"Hata soksi?" Bibiana aliuliza. Wazazi wake walikuja huku zamani kukata mkonge, na yeye tulimzoea tangu mtoto. Mdomo wake haujawahi kufungwa na mtu.

"Soksi sivai, mama Ernesti."

Lile neno lilinipendeza. Watu wengi huapa, wachache hupanga. Mimi nilijifunza kusoma nikiwa tayari na mke, katika darasa la jioni la vibarua wa machimbo ya mawe, na tangu hapo sijaacha kusoma. Nilipostaafu nilijiandikisha darasa la jioni la ushonaji, mzee pekee katikati ya wasichana, kwa sababu cherehani ya marehemu mama yangu ilikuwa imekaa pembeni mwa sebule ikipata kutu, nami sipendi kitu kinachokaa bure.

Basi mwaka ule tuliupanga juu ya mkeka, Nasma na mimi. Tuanze na vitu vya mshono ulionyooka: foronya, ushungi, sketi ya mpira kiunoni. Masika ikiingia, tushone pamba nyepesi zinazokauka upesi. Mvua ikikatika tuingie kwenye mikono na kola. Kisha baibui. Tuliweka hata kipindi cha kufumua na kurudia, maana anayejifunza bila kufumua hajifunzi. Nilimchorea vipande kwenye karatasi za mifuko ya saruji, naye akakata.

Gauni lake la kwanza lenye mikono lilikuwa balaa. Kitambaa kilikuwa cha kuteleza. Alikikunja akidhani kimelala sawa, kumbe upande mmoja umevutika. Bega la kulia likashuka, na mkono wa kulia ukawa mwembamba kama wa mtoto. Alitaka kulichana liwe matambara ya kudekia. Nilimzuia.

"Kosa la kwanza halitupwi," nilimwambia. "Litundike mahali, kila ukitaka kukata ulitazame kwanza."

Akapigilia msumari nyuma ya mlango wa chumba chake, akalitundika. Hakulivaa hata siku moja. Na baada ya hapo hakukata ovyo tena. Nguo zake zilianza kusifiwa njiani, nami, sitaficha, nilizitaja barazani kila penye nafasi. Rafiki yangu Sele alichoka.

"Fundi Uweso," alikuwa akiniambia, "nishonee na mimi suruali. Ila tafadhali iwe na miguu miwili."

Posa ilikuja mwaka umeshavuka nusu. Nasri ni kijana mpole, anafanya kazi katika nyumba ya wageni pale ufukweni Ushongo. Alilelewa na shangazi yake, Bi Mastura, tangu anyonye. Nasma alimweleza ahadi yake, akamwomba nguo za sanduku zije vitambaa, visikatwe. Nasri alikubali papo hapo. Bi Mastura hakukubali. Alituma maneno kwamba Ushongo hawapeleki majora kama wachuuzi. Bi harusi wao hutokea mbele ya watu ndani ya gauni lililotoka kwenye sanduku lao, na atakayeikataa nguo amemkataa aliyeituma.

Nasri alimpigia Nasma simu. Nilikuwepo, maana Nasma aliweka sauti ya juu makusudi ili nisikie.

"Mimi nakutaka na ahadi yako," alisema yule kijana. "Lakini siwezi kuoa shangazi akiwa amenuna. Huyu ndiye mama niliyemwona. Akirudi na sanduku, Nasma, mimi sitakuja."

Nikaha ilikuwa Ijumaa, baada ya swala. Sanduku lilikuwa linakuja Alhamisi, ndiyo siku hiyo ninayoisimulia.

Walikuja kwa vigelegele, wamevaa kanga za sare, sanduku limebebwa kichwani na binti mmoja mnene aliyekuwa akicheza nalo bila kulishika. Wasichana wakaniamkia, "Shikamoo baba," nikaitikia. Bi Mastura alitoka mwisho, mwanamke mrefu, mkavu, mgongo umenyooka.

"Tumekuja, mzee Uweso."

"Karibuni, Bi Mastura. Nyumba ni yenu."

"Tutaona," alisema, akaingia.

Shughuli ile ni ya wanawake. Mimi nilibaki barazani na Sele na dele la kahawa, chini ya dirisha la sebule. Kati yetu na wao palikuwa na pazia tu. Tulisikia sanduku likifunguliwa. Kila doti ya kanga iliyotolewa ilipata kigelegele chake. Vikaja viatu, vikaja manukato, harufu ya udi ikatufikia nje. Halafu kukatulia.

"Na hili," ilisema sauti ya Bi Mastura, "ndilo gauni la kutokea."

Walipiga vigelegele mpaka kuku wakakimbia uani. Baadaye nililiona mwenyewe: zambarau iliyoiva, zari kifuani, mikono mirefu. Kazi safi.

"Bi harusi asimame, tumwone ndani yake."

"Shangazi, shikamoo," Nasma alisema.

"Marahaba, mwanangu. Simama."

"Gauni ni zuri, sijapata kuona mfano wake. Nitalitunza. Lakini sitalivaa mpaka Idi."

Sele aliishusha kahawa yake polepole.

"Sijasikia vizuri," alisema Bi Mastura.

"Niliweka ahadi, shangazi. Nasri anaijua."

"Nasri anajua niliyomfundisha mimi. Nani alikuambia mshono wa mtu mwingine ni haramu?"

"Si haramu. Ni neno langu tu."

"Basi na langu ni hili. Fungeni sanduku."

Nilisikia komeo la kwanza. Tausi alitoka mbio, ushungi umemdondoka mabegani.

"Baba Nasma, mwambie avae!"

"Ahadi ni yake, mama Nasma."

"Ahadi ni yake, kiburi ni chako! Wewe ndiye uliyeipigia mbiu hapa barazani mpaka ikawa kama sheria ya serikali. Mwanao amekaza macho dirishani. Hanitazami mimi. Anakungoja wewe."

Sele aliangalia miguu yake. Ndani nilisikia wasichana wakikusanya kanga.

Nilifikiri kwa haraka, nami si mtu wa kufikiri kwa haraka. Mimi ndiye niliyemfundisha kwamba mtu ni neno lake. Akilivunja leo, analivunja kwa sababu yangu. Akilishika, anampoteza Nasri, na hilo pia ni kwa sababu yangu. Nilikuwa nimemwona usiku wa simu ile, alivyoiweka simu chini na kuishika tena kuhakikisha haikukatika. Nikainuka, nikasogeza mdomo kwenye pazia.

"Nasma."

"Labeka, baba."

"Vaa, mwanangu."

Ningependa abishe. Nilisikia kitambaa kikisuguana, basi. Nikakaa chini.

Tulingoja kigelegele. Hakikuja.

"Vuta taratibu," mtu alisema.

"Hauingii."

"Geuza kiwiko. Geuza, shoga."

"Unachanika huo! Mkono haupiti."

Msichana mmoja akacheka puani, kisha sauti changa ya upande wa Ushongo ikasema, "Lakini si tuliambiwa mkono wake wenyewe ndio mwembamba?"

Sele aliinua kichwa.

"Nani ana mkono mwembamba?" Huyo alikuwa Bibiana. "Huyu? Huyu jana kanibebea gunia la mkaa kwa mkono huo huo! Mmekuja kuoa au kukagua mbuzi?"

"Chunga ulimi wako, mama!"

"Nichunge nini? Mmemwita mtoto wetu kilema, ndani ya nyumba yake, juu ya mkeka wake!"

"Nyamazeni!" Bi Mastura hakupiga kelele, lakini walinyamaza. "Mwiteni baba yake. Haya si maneno ya kupitishwa pazia."

Nilivua viatu, nikaingia. Nasma alikuwa amesimama katikati amejifunika kanga, mkono mmoja wa lile gauni ukining'inia mtupu. Uso wake sikuweza kuusoma. Bi Mastura alikuwa bado amekaa, mikono juu ya magoti.

"Mzee Uweso, mimi ni mtu mzima na wewe ni mtu mzima. Kabla ya kushona tuliomba kwenu sampo, nguo ya binti ya kufuatia kipimo, kama ilivyo ada. Sampo ikaja. Fundi akaitandaza, akaniuliza, 'Bi Mastura, mwari huyu ana nini begani?' Nikamwambia, fuata sampo, usiulize mwili wa mtoto wa watu. Hata Nasri sikumwuliza. Nilisema, kama yeye kampenda, mimi ni nani nihesabu viungo vya kiumbe cha Mungu? Nikawaonya hawa wasichana, atakayecheka atarudi Ushongo kwa miguu." Alimtupia jicho yule mwenye sauti changa, ambaye alikuwa amejificha nyuma ya mwenzake. "Tumewafichia aibu yenu muda wote huu. Kumbe aibu hakuna. Sasa niambie: mlikuwa mnatucheka?"

Alikuwa ameumia kweli.

"Sampo gani?" niliuliza.

Akaingiza mkono chini kabisa ya sanduku, akatoa furushi la gazeti, akalifungua. Nililijua kabla halijakunjuka. Bega limeshuka. Mkono mwembamba kama wa mtoto.

Nilitupa macho kwenye mlango wa chumba cha Nasma, uliokuwa wazi. Pale kwenye msumari palining'inia baibui la Tausi. Lilikuwa limefunika mahali pale tangu lini? Sikuwahi kujiuliza.

"Nani aliyetupatia hili?" alisema Bi Mastura. "Nataka jina."

Nikamtazama mke wangu. Alikuwa akinyoosha ncha ya mkeka ambayo haikuwa imekunjamana. Hapo nikaelewa yote. Wakwe wameomba sampo, hakuweza kuwanyima. Hakuweza kumwomba Nasma pia, maana Nasma angesema nguo za kushonewa hazitaki. Akachukua nguo pekee ambayo mwenyewe asingeitafuta. Na kwa kuwa hakuwahi kuiona mwilini, hakujua ilikuwa na nini. Kama angetajwa pale, mbele ya wakwe, angekuwa mama aliyemzunguka mwanawe, hadithi ya Pongwe mpaka Pangani. Nami nilifungua mdomo, na katika madarasa yangu yote ya jioni sikupata sentensi moja ya kunifaa.

Nasma aliliangalia lile gauni. Kisha akamwangalia mama yake, kwa muda mrefu.

"Ni langu," alisema. "Nililikata vibaya nilipokuwa najifunza. Hakuna aliyewacheka, shangazi. Limewafikia kwa bahati mbaya, na kosa ni langu."

Tausi aliinua kichwa. Nasma alikuwa ameshageukia upande mwingine.

"Kwa hiyo begani huna kitu," alisema Bi Mastura.

"Sina."

"Inua."

Akainua mikono yote miwili juu. Kanga ilitaka kuanguka, Bibiana akaidaka, nami nikageukia ukuta.

"Alhamdulillahi," alisema Bi Mastura, na nilisikia kwamba amelisema kwa moyo. Lakini mara akaongeza, "Na kesho anatokea na nini? Fundi yuko Pangani. Gauni hili limeshakufa."

Hapo ndipo nilipoona hatujatoka kwenye hatari. Akirudi na gauni lililokufa, atarudi kama mtu aliyeaibika, na sababu itakuwa nguo ya mwanangu. Nasma aliingia chumbani, akatoka na dera lake la nyumbani, gauni la zambarau mkononi. Akaketi chini, akaligeuza ndani nje. Wanawake wote wakainama. Mimi nilivaa miwani.

Fundi mchoyo au mwenye haraka hukata kitambaa karibu na mshono, kisha hupati tena cha kupanua. Nasma alipitisha kidole kuanzia kwapani kushuka kwenye kiwiko, polepole, kama anayepapasa mwiba. Akarudi juu begani. Akasimama.

"Baba, tazama."

Ndani ya mshono, upande wa kulia, kitambaa kilikuwa kimekunjwa kwa upana na kushikizwa kwa uzi mwepesi. Hakikukatwa hata kidogo.

"Fundi wako ameacha akiba, shangazi. Kote, begani na mkononi."

Bi Mastura alilichukua, akalipapasa mwenyewe. "Mshenzi yule," alisema taratibu. "Hakuniamini."

"Alimwonea huruma mwari," alisema Bibiana, na mtu akacheka, kicheko cha kwanza tangu ugomvi uanze.

"Niruhusu niufumue upande wa kulia niushone upya," Nasma alisema.

Bi Mastura hakuliachia gauni. Alikuwa akimtazama Nasma kama anayelipima jambo zito.

"Kulia kutakuwa mshono wako. Na kushoto?"

"Kushoto kutabaki kwa fundi."

"Na lile neno lako litakuwa nusu?"

Nasma alitazama upande wa kushoto wa gauni.

"Mimi sipendi kazi ya nusu," alisema Bi Mastura. "Kitambaa ni chetu, kimetoka kwenye sanduku letu, na hilo watu watalijua. Fumua lote. Kama ni neno, liwe neno. Lakini sikiliza, binti: kesho likitokea limepinda kama lile, mimi na wewe hatujuani."

Wakakaa kulifumua. Bi Mastura mwenyewe alishika wembe, na mikono yake ilikuwa mepesi kuliko ya wasichana. Mimi nilitia mafuta cherehani, nikajaza uzi kwenye bobini. Jua lilikuwa limeshapinduka, na gari lao lilitakiwa kuondoka kabla ya magharibi. Vipande vilipotandazwa mkekani, Nasma alivikunja, akavikunjua, akavikunja tena, akavibana kwa pini kila upana wa kiganja ili visiteleze. Hakuna aliyemharakisha. Nilijua anatazama nini, ingawa mlangoni palining'inia baibui tu.

Mshono wa kwanza uzi ulikatika. Akaufunga. Ukakatika tena. Nilisikia pumzi ya Tausi nyuma yangu.

"Sindano," nilimwambia. "Zari imeiondoa makali. Badilisha."

Nilikuwa nayo moja tu nyembamba. Aliifunga, akakaza, akagusa gurudumu kwa kidole, na mguu wake ukaanza kukanyaga. Uzi ulishika. Mshono ukapita kwapani bila kusimama, na mimi nikatoka nje, maana kilichobaki hakikuwa changu kukiona.

Sele alinimiminia kahawa iliyopoa. Cherehani iliimba, ikanyamaza, ikaimba tena. Kisha sauti ya Bibiana: "Ingiza mkono, mama. Ingiza kwa jina la Yesu na Mtume pamoja!"

Kigelegele cha kwanza kilikuwa cha Bi Mastura. Nilikitambua, kilikuwa kirefu na kikavu kama yeye.

"Hapa kwapani panavuta kidogo," alisema kiliposhuka.

"Panavuta," Nasma alikubali. "Nitapalegeza usiku."

"Usipapalegeze. Bana mkono kesho wakikupiga picha, hawataona." Akaupapasa mshono. "Idi nataka gauni na mimi. Na sampo sikuletei, maana za nyumba hii nazijua. Utanipima mwenyewe."

"Nitakupima, shangazi. Kitambaa utaleta?"

"Nitaleta."

"Kisikatwe."

Waliondoka jua likiwa bado juu ya miembe ya jirani, sanduku wameliacha. Nilipoingia ndani, Tausi alikuwa mbele ya mlango wa chumba cha Nasma. Aliliondoa baibui lake, akaliokota lile gauni lililopinda, akalikung'uta, akanyoosha mkono alirudishe kwenye msumari.

"Mama," Nasma alisema bila kuinua uso kwenye cherehani, "hilo sasa litundike chumbani kwako."

Tausi alisimama na gauni mkononi. Kisha akacheka, akajifuta macho kwa ncha ya ushungi, akaniuliza nimeweka wapi nyundo.